Mashine inayomzunguka mgonjwa wa saratani: Dozi ya mionzi huenda wapi?

Mgonjwa wa saratani kutoka Kitui au Makueni anapofika Nairobi kwa tiba ya mionzi, aghalabu huambiwa alale chali juu ya meza nyembamba. Wahudumu hutoka chumbani, mlango mzito hufungwa, na mkono mkubwa wa mashine huanza kumzunguka polepole, ukipita juu yake, ubavuni, chini ya meza na kupanda tena upande wa pili. Mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Baada ya dakika chache mlango hufunguliwa, naye huambiwa arudi kesho.

Anaporejea nyumbani, maswali humngoja. Kwa nini mashine izunguke hali ugonjwa uko mahali pamoja? Je, kuzunguka huko si kuuchoma mwili mzima? Na mbona jirani aliyetibiwa miaka ya tisini alipigwa mionzi kutoka mbele na nyuma tu, akapona?

Maswali haya si ya bure. Zipo familia zinazouza ng'ombe au kipande cha shamba kwa sababu zimesikia kuwa kuna "mashine mpya" mahali fulani, ilhali mgonjwa wao angeanza tiba juma hilo hilo kwa mashine iliyo karibu. Wapo pia wagonjwa wanaokatiza tiba katikati kwa kuogopa kwamba mionzi inawamaliza. Mwaka 2020, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kuwa Wakenya 42,116 walipatikana na saratani na wengine 27,092 wakafariki kutokana nayo. Kwa hivyo ni vyema msomaji aelewe mashine hizi hufanya nini, na hazifanyi nini.

Dozi ni nini?

Kama vile dawa ya maji hupimwa kwa kijiko, mionzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei, kilichopewa jina la mwanasayansi Mwingereza Louis Harold Gray. Grei moja ni nguvu ya jouli moja iliyoingia katika kilo moja ya mwili. Kwa hesabu ya joto, hicho ni kiasi kidogo mno, wala hakiwezi kupasha moto hata kijiko cha chai. Ndiyo maana neno "kuchomwa", ambalo watu wengi hulitumia, hupotosha. Mionzi haipiki nyama ya mwili. Kazi yake ni kuharibu chembe za urithi zilizo ndani ya seli, ili seli ya saratani ishindwe kugawanyika na kuzaana.

Seli nzuri nazo huumia, lakini nyingi zina uwezo mkubwa zaidi wa kujirekebisha zikipewa nafasi. Kwa sababu hiyo dozi haitolewi yote kwa siku moja. Mpango wa kawaida ni grei 2 kwa siku, siku tano kwa juma. Mgonjwa aliyepangiwa grei 50 atahudhuria mara 25, yaani majuma matano.

Shida ya mwale mmoja

Mwale wa mionzi haujui kusimama. Ukiingia mwilini, hupoteza nguvu kidogo kidogo njiani, hufika kwenye uvimbe ukiwa umepungua, kisha huendelea mbele hadi kutokea upande wa pili.

Tuchukue mfano wa uvimbe ulio sentimita 10 ndani ya mwili. Mashine ya kobalti 60, ambayo ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi Afrika Mashariki, hutoa dozi yake ya juu kabisa nusu sentimita chini ya ngozi. Ukifika kina cha sentimita 10, mwale wa kawaida wa kobalti huwa umebaki na karibu asilimia 56 ya dozi hiyo. Mashine ya umeme, ambayo wataalamu huiita linaki, haina madini ya mionzi ndani yake. Huendesha elektroni kwa kasi kubwa mno na kuzigonganisha na chuma ili zitoe eksirei kali. Linaki ya nguvu ya volti milioni 6 hutoa dozi yake ya juu sentimita moja na nusu chini ya ngozi, na kwenye sentimita 10 hubaki na karibu asilimia 67.

Sasa piga hesabu. Ili uvimbe upate grei 2 kwa mwale mmoja wa kobalti, nyama iliyo karibu na ngozi italazimika kupata karibu grei 3.6. Kwa linaki itapata grei 3. Yaani sehemu isiyo na ugonjwa inapigwa kuliko sehemu yenye ugonjwa! Tiba ya namna hiyo ikiendelea kwa majuma matano, ngozi na nyama ya chini yake vitaharibika kabla saratani haijashindwa.

Njia za punda kwenda kisimani

Wenyeji wa Kitui na Makueni wanajua jinsi mito ya msimu inavyokauka, na jinsi watu wanavyochimba visima vya mchanga katikati ya mto. Ikiwa kijiji kizima na punda wake hupitia njia moja tu kwenda kisimani, baada ya miezi michache njia hiyo haina jani. Udongo umekatika na mvua ikinyesha korongo linafunguka.

Lakini punda hao hao wakija kutoka pande zote za kisima, kila mmoja kwa njia yake, majani ya njiani yatakanyagwa kidogo tu na kusimama tena. Pahali patakapokuwa pamekanyagwa barabara ni pale penye kisima, kwa kuwa ndipo wote hukutana.

Hiyo ndiyo siri ya mashine inayozunguka. Uvimbe huwekwa mahali kamili ambapo mkono wa mashine unazungukia, mfano wa ekseli ya gurudumu. Mkono ukiwa juu, mwale unapita katikati hiyo. Ukiwa ubavuni, unapita hapo hapo. Ngozi ya kila upande hupata sehemu yake ndogo, lakini uvimbe hupigwa muda wote.

Turudie hesabu yetu. Tuseme mwili ni wa duara wenye upana wa sentimita 20, uvimbe uko katikati, na mwale wa kobalti una upana wa sentimita 8. Mashine ikizunguka duara kamili na kuupa uvimbe grei 2, sehemu yoyote ya karibu na ngozi hupata kati ya grei 0.5 na 0.7 hivi, ukijumlisha mwale unaoingia na mabaki ya ule unaotoka. Linganisha na grei 3.6 za mwale mmoja. Hata miale minne iliyosimama, wa mbele, wa nyuma na wa mbavu mbili, ingeipa nyama ya karibu na ngozi kama grei 1.1 pale inapoingilia.

Hata hivyo msomaji asidhani kuwa dozi imetoweka. Katika mfano huo huo, mahali palipo nusu ya njia kati ya ngozi na uvimbe hupata karibu grei 1.2, na hupata hivyo kuzunguka pande zote. Miale minne huacha pembe nne baina yake ambazo hazipati chochote ila mtawanyiko mdogo. Mzunguko hauachi pembe. Punda wamesambazwa, lakini idadi yao ni ile ile, na sasa hakuna upande wa kisima usiokuwa na nyayo.

Nusu duara si duara

Mzunguko kamili hutoa dozi kubwa yenye umbo la mviringo, mfano wa mkate wa mviringo uliosimamishwa katikati ya mwili. Umbo hilo hufaa uvimbe ulio katikati, kama ule wa nyonga.

Lakini si kila mara mashine huzunguka duara zima. Pengine daktari hataki mwale upitie nyuma, penye figo, basi mashine huzunguka nusu duara ya mbele peke yake. Hapo jambo la ajabu hutokea. Mahali penye dozi kubwa zaidi huhama kutoka katikati na kusogea upande ule ambao miale inatoka. Sababu yake ni rahisi: miale yote inaingia na nguvu zake kutoka mbele, na hakuna mwale wa nyuma wa kuleta mizani. Wataalamu wa zamani wa kobalti walilijua hilo, wakawa wanalenga kwa makusudi nyuma kidogo ya uvimbe ili dozi kubwa irudi ilipotakiwa.

Mfano huu unaonyesha kwa nini kuzunguka peke yake hakutoshi. Ni lazima pawepo mtu wa kupiga hesabu kabla mgonjwa hajalazwa mezani.

Kutoka kiti cha kuzunguka hadi kompyuta

Wazo la kuzungusha si geni. Kabla ya miaka ya hamsini, mashine za eksirei zilikuwa na nguvu ndogo na dozi yake kubwa ilibaki juu ya ngozi. Baadhi ya madaktari wa Ulaya na Marekani waliwaketisha wagonjwa kwenye kiti kilichozunguka mbele ya mashine ili kuigawanya dozi hiyo. Mwaka 1951 wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa kobalti nchini Kanada, na baadaye mashine zikatengenezwa ambazo mgonjwa hulala na mashine ndiyo inayozunguka. Katika miaka ya sitini, daktari Shinji Takahashi wa Japani alionyesha jinsi ya kubadilisha umbo la mwale huku ukizunguka, ili ulingane na uvimbe kila unapoutazama kutoka upande mwingine.

Kilichokosekana wakati huo kilikuwa kompyuta. Mwaka 1995 mwanafizikia Cedric Yu alieleza njia ya kubadilisha nguvu ya mionzi kwenye mzunguko, na mwaka 2008 Karl Otto akaeleza namna ya kuikamilisha tiba kwa mzunguko mmoja. Njia hiyo ndiyo inayotumiwa katika linaki nyingi za kisasa.

Mashine za namna hii hubadilisha vitu vitatu kwa wakati mmoja: kasi ya mkono unaozunguka, kiasi cha mionzi kinachotoka kila dakika, na umbo la dirisha ambalo mionzi hupitia. Dirisha hilo lina vipande vyembamba vya tangsteni, chuma kizito, ambavyo hujongea ndani na nje kama meno ya kitana. Upana wa kila kipande, ukipimwa pale uvimbe ulipo, mara nyingi ni milimita 5 au 10. Mkono unapopita upande wenye kiungo cha kuhifadhiwa, meno hufunga sehemu ya dirisha au mionzi hupunguzwa. Unapofika upande salama, hufunguka.

Kwa njia hiyo dozi haiwi tena mviringo mtupu. Inaweza kubonyea kama haragwe.

Umio na uti wa mgongo

Faida ya umbo la haragwe inaonekana vyema katika saratani ya umio, yaani mrija wa kupitisha chakula, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoua Wakenya wengi. Umio uko mbele tu ya uti wa mgongo, pande zote mbili pana mapafu, na moyo uko karibu.

Daktari akitaka kuupa uvimbe wa umio grei 50 kwa miale ya mbele na nyuma tu, neva za uti wa mgongo zitapata karibu kiasi hicho hicho. Nazo zina mpaka wake. Kwa dozi za grei 2 kwa siku, wataalamu hujitahidi zisivuke grei 45 hadi 50, kwani zikizidishiwa mgonjwa anaweza kupooza miezi mingi baadaye. Kwa hivyo zamani ilibidi tiba ianze mbele na nyuma, kisha miale ihamishwe ipite kwa mshazari katika siku za mwisho.

Mashine inayozunguka ikiwa na dirisha la meno huweza kuizungushia dozi kubwa mbele ya uti wa mgongo bila kuupitisha mpaka huo. Hiyo ni faida halisi, wala si maneno ya wauzaji.

Gharama ya kuzunguka

Kizuri hakikosi kasoro. Kasoro ya mzunguko ni ile tuliyoiona kwenye hesabu: sehemu kubwa zaidi ya mwili hupata dozi ndogo ndogo. Mapafu ambayo yangeachwa kabisa na miale miwili ya mbele na nyuma, sasa hupitiwa kidogo kutoka kila upande. Mapafu ni dhaifu mbele ya dozi ndogo iliyoenea, na hivyo mpango wa umio au wa kifua lazima upimwe kwa makini ili mgonjwa asije akapata homa ya mapafu ya mionzi.

Katika saratani ya titi, mara nyingi miale miwili inayopita ubavuni kwa mshazari huacha pafu la pili na titi la pili bila kuguswa. Kuzunguka mwili mzima kungeyamwagia yote mawili dozi ambayo hayakuihitaji. Kwa watoto, ambao wana miaka mingi mbele yao, dozi ndogo iliyoenea huongeza kidogo uwezekano wa saratani nyingine baadaye, na madaktari huwa waangalifu zaidi.

Tena kuna mgonjwa ambaye saratani imefika kwenye mfupa na anachohitaji ni kupunguziwa maumivu. Huyo aghalabu hutosheka na dozi moja ya grei 8, kwa mwale wa kawaida uliosimama. Kumweka Nairobi majuma kadhaa akisubiri mashine ya mzunguko ni kumwongezea mateso.

Nani huipima mashine?

Mashine ya kobalti ina jambo moja la kukumbukwa. Madini yake hupoteza nguvu kila siku, karibu asilimia moja kwa mwezi, na hufikia nusu baada ya miaka 5 na miezi mitatu hivi. Mgonjwa aliyekuwa akipigwa mionzi dakika mbili wakati madini ni mapya, atahitaji dakika nne yakiwa yamechakaa kiasi hicho. Dozi ni ile ile, muda ndio unaorefuka. Kwa hiyo kuambiwa "leo utalala muda mrefu" si ishara kwamba umezidishiwa.

Lakini muda huo ukikosewa, madhara ni makubwa. Mwaka 1996 katika hospitali ya San Juan de Dios nchini Costa Rica, madini mapya ya kobalti yalipowekwa, hesabu ya mashine ilikosewa. Sehemu 0.3 ya dakika, ambayo ni sekunde 18, ilichukuliwa kuwa sekunde 30. Wagonjwa 115 walipewa dozi iliyozidi ile waliyoandikiwa kwa zaidi ya nusu, na wengine walifariki.

Mtu wa kuzuia balaa kama hilo ni mwanafizikia wa hospitali. Mgonjwa huenda asimwone kamwe. Yeye huipima mashine, hukagua mpango wa kila mgonjwa, na kabla ya tiba ya mzunguko huupiga mpango huo kwanza kwenye kifaa cha kupimia kisicho na uhai ili kuthibitisha kuwa dozi inaangukia panapotakiwa. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na Shirika la Afya Duniani huendesha mpango ulioanza mwaka 1969, ambao hospitali hutumiwa vipimo vidogo kwa posta, zikavipiga mionzi na kuvirudisha. Tofauti ikizidi asilimia 5, hospitali hutakiwa kueleza. Hapa kwetu, kazi ya kutoa leseni za mionzi iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Mashine moja ikiharibika

Msomaji atauliza, kwa nini tusipewe mashine yetu Wote au mjini Kitui? Ni swali la haki. Lakini linaki inahitaji umeme usiokatika, mfumo wa kuipoza, chumba chenye kuta za saruji nene kupita kiasi, na wanafizikia, madaktari na mafundi wa kudumu. Kobalti husumbuliwa kidogo na umeme, ila madini yake lazima yabadilishwe na kulindwa.

Uganda ilijifunza kwa uchungu. Mashine ya kobalti ya Mulago, Kampala, iliyokuwa peke yake nchini humo, iliharibika mwaka 2016 isiweze kutengenezwa tena. Wagonjwa walikaa bila tiba hiyo nchini mwao hadi mashine mpya ilipoanza kazi, na baadhi yao walilazimika kuja Nairobi.

Hapa Kenya, kwa miaka mingi Hospitali Kuu ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo pekee ya umma iliyotoa tiba ya mionzi, na foleni ilikuwa ya miezi. Hali imebadilika. Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa mwaka 2019, ina linaki, na vituo vya saratani vya Nakuru, Mombasa na Garissa vimepata zao. Kwa mkazi wa Kibwezi au Mtito Andei, Mombasa yaweza kuwa njia nyingine wakati foleni ya Nairobi ni ndefu. Mkazi wa Mwingi naye anaweza kuuliza kuhusu Garissa, kwa kuwa barabara ya Nairobi kwenda Garissa hupita mjini kwake.

Kisichoweza kufanywa na mzunguko

Sasa tufike penye jambo zito zaidi. Saratani ya mlango wa kizazi huwashika akina mama wengi wa Kenya. Tiba yake ya mionzi ina sehemu mbili. Kwanza ni mionzi ya nje, grei 45 hadi 50 kwa majuma matano hivi, mara nyingi pamoja na dawa ya dripu kila juma. Pili ni mionzi ya ndani, ambapo chombo chenye madini ya mionzi huingizwa kwa muda mfupi hadi penye uvimbe wenyewe.

Wapo akina mama wanaomaliza sehemu ya kwanza, wakaona damu imekoma na maumivu yamepungua, wakarudi nyumbani kulima wakidhani yamekwisha. Wengine huambiwa na watu wasiojua kuwa mashine ya kisasa inayozunguka inatosha. La hasha! Mionzi ya ndani hutoa dozi kubwa sana pale pale penye ugonjwa, na hushuka upesi ukienda mbali kidogo. Hakuna mzunguko wa nje unaochukua mahali pake kikamilifu. Mama asiyeipata hupunguza sana nafasi yake ya kupona.

Jambo la pili ni siku. Tiba yote ya ugonjwa huo, ya nje na ya ndani, inatakiwa kumalizika ndani ya majuma manane. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kuwa kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa kwa karibu asilimia moja, kwa sababu seli za saratani zilizobaki hujizaa tena upesi. Mama aliyekosa siku kumi kwa kukosa nauli huenda amepoteza zaidi ya alichopata kwa kungojea mashine bora.

Kwa ufupi, mashine ya kawaida iliyopimwa vyema, ikianzwa mapema na kumalizwa kwa wakati, yaweza kumfaa mgonjwa kuliko mashine ya kisasa iliyochelewa.

Maswali ya kumwuliza daktari

Mgonjwa na jamaa zake wana haki ya kuuliza. Haya ni baadhi ya maswali yanayofaa:

Je, tiba hii ni ya kuponya au ya kupunguza maumivu? Jibu ndilo linaloamua mashine ya aina gani inahitajika.

Je, nitakuja mara ngapi, na inatakiwa nimalize tarehe gani? Andika tarehe hiyo ukutani.

Je, viungo gani viko karibu na uvimbe wangu, na mashine ya kuzunguka itavilinda zaidi kuliko miale iliyosimama? Ikiwa tofauti ni ndogo, usiuze ng'ombe.

Je, nitahitaji mionzi ya ndani, na inapatikana wapi?

Je, mashine ikiharibika, nitapelekwa wapi na siku nilizokosa zitafidiwaje?

Je, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, italipa kiasi gani? Hakikisha usajili wako uko sawa kabla ya kuondoka nyumbani.

Mgonjwa akiwa katika tiba

Alama zilizochorwa kwenye ngozi zisifutwe, kwani ndizo zinazouweka uvimbe kwenye ekseli ya mashine. Mgonjwa akilala mahali tofauti kwa sentimita moja, dozi nayo huanguka pengine. Ukiambiwa unywe maji ili kibofu kijae, au uende choo kwanza, fuata kila siku kwa kiasi kile kile, maana kibofu kikiwa kitupu leo na kimejaa kesho, uvimbe wa nyonga huhama mahali pake.

Usipake dawa za miti shamba wala mafuta kwenye sehemu inayotibiwa bila kuwauliza wahudumu. Uchovu, kuhara kidogo au ngozi kuwa nyeusi ni mambo ya kutarajiwa, lakini yaeleze mapema yasije yakakufanya ukose siku.

Mwisho, mgonjwa wa mionzi ya nje habaki na mionzi mwilini. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, iwe ya kobalti au ya linaki. Anaweza kula sahani moja na jamaa zake, kulala kitanda kimoja na mumewe au mkewe, na kuwapakata wajukuu. Kumtengea kikombe chake ni kumwongezea ugonjwa mwingine wa moyo.

Ikiwa mgonjwa wako ameanza tiba na amekwama nyumbani kwa sababu ya nauli au hofu, piga simu hospitali leo uwaulize amebakisha dozi ngapi. Siku zinahesabiwa, na kila moja ina thamani yake.